Jicho la Divin Halikuwa Likiigiza

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo! Simamisha hapo hapo!"

Miza akasimamisha. Uso wa Divin ulijaa kwenye skrini ya kompyuta kutoka pembe hadi pembe, jasho likimetameta juu ya mdomo, kope zimelegea.

Léonce akapiga makofi peke yake.

"Uko naona, Miza? Tangu nianze kufanya filamu, mi sijaona mutu wa Bujumbura anacheza namna hii. Huyu haigize. Huyu iko anaishi!"

Miza alikuwa anaangalia macho.

Ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye nyumba ya Kibenga ambayo Léonce, mwongozaji wa filamu, aliikodi karibu na ziwa. Chumba kimoja walipigia picha, kingine Miza alikaa na mashine zake akikata na kuunganisha vipande. Filamu ilihusu kijana aliyemezwa na boost, ule unga wa heroini uliochanganywa na takataka ambao umeua vijana wengi mitaani. Kijana huyo aliigizwa na Divin. Na Divin alikuwa mchumba wa Miza.

"Chef," Miza akasema taratibu, "siku mulipiga hii, kwenye kikaratasi cha boost mulitia nini?"

"Maziwa ya unga. Kama kila siku. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akarudisha macho kwenye skrini. Chumba cha kwenye picha kilikuwa giza, mapazia yamefungwa, taa moja tu ya pembeni. Katika giza mboni ya jicho hufunguka, inakuwa nyeusi na pana. Mboni za Divin zilikuwa zimejifinya kama ncha ya sindano, kama za mtu aliyetumia boost.

Wengine wasingejua. Miza alijua, kwa sababu miaka miwili kabla, walipoanza kupendana, Divin alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye boost, na kila walipokutana alikuwa anamvuta hadi mlangoni kwenye mwanga, anainua uso wake mwenyewe na kusema: "Niangalie macho kwanza. Alafu ndiyo unisalimie." Miza anaangalia. Anaona mboni za kawaida, jicho safi. Kisha anacheka na kumsalimia.

Hawakuwa na njia rahisi, hao wawili. Miza ni binti wa Muhanna, mwenye duka la vitambaa kwenye mtaa wa Waasia, watu wenye asili ya Omani waliokaa Bujumbura tangu enzi za babu zao. Divin alivuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, akiwa mdogo, mgongoni mwa mama yake, risasi zikilia nyuma; mama alirudi kule baadaye. Mama yake Miza, Bi Ghada, alipoambiwa, alikaa chini kwenye jamvi akashika kichwa.

"Mukongomani. Mukristo. Na tena mutu wa boost! Miza, wewe mwanangu unataka kunizika?"

"Ameacha, mama. Na ameanza kwenda kwa shehe, mwenyewe, mi sikumulazimisha."

Mzee Muhanna ndiye aliyelegea mwishoni. Alisema, "Filamu ikiisha, alete wazee wake. Nitawasikiliza." Tangu siku hiyo Miza alikuwa anaikata filamu ile kama mtu anayeshona nguo yake ya harusi.

Sasa alitoka uani akapiga simu. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akaandika: "Divin uko wapi? Nimeona kipande cha Jumanne. Nipigie."

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu: "Niko sawa mupenzi. Niko kwa yaya Dorothée, nachoka tu. Bisous, mabusu."

Miza akachukua mkoba, akaenda soko la Jabe.

Dorothée, dada mkubwa wa Divin, alikuwa sokoni nyuma ya rundo la vitenge vyake, anapimia mteja. Alipomuona Miza akafurahi.

"Wifi! Karibu. Mbona peke yako? Mume wako umemuacha wapi?"

"Yaya, haiko kwako?"

"Kwangu?" Tabasamu likakatika. "Mi toka Jumapili sijamuona. Ameniandikia kama iko kwenu Kibenga, munalala kwenye kazi."

"Amenituma mesaji sasa hivi. Anasema iko kwako."

Wakaangaliana. Mteja akauliza bei, hakuna aliyemjibu. Dorothée akavikunja vitenge polepole.

"Amerudia," akasema. "Miza, niambie tu. Amerudia, si ndiyo?"

"Sijue, yaya. Twende Carama."

Chumba cha Divin kilikuwa Carama, ambako nyumba zinaishia na mashamba ya mihogo yanaanza. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Divin alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amevaa shati lile lile la kwenye filamu. Alipoona ni wao, akajaribu kusimama haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Yaya. Miza. Karibuni, mi nilitaka kutoka hata..."

"Divin," Miza akasema, "njoo mlangoni."

"Kufanya nini?"

"Njoo tu. Kwenye mwanga."

Divin hakusogea. Akainamisha kichwa, akakiweka kati ya magoti. Hapo hapakuwa na haja tena ya kuangalia jicho. Dorothée akatoa kilio kifupi, akageuka, akaenda kukaa kwenye jiwe uani akiwa amejifunika uso kwa kitenge.

Miza akaketi sakafuni mbele ya Divin.

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Nani alikupa?"

Divin akajikuna mkono.

"Divin, nani?"

"Léonce."

Miza alihisi kama amepigwa kofi na mtu asiyemuona.

"Alinishika hapa," Divin akagusa bega lake. "Akasema, 'Divin, uso wako unacheza vizuri lakini mwili hauamini. Kamera iko karibu sana, inaona uongo.' Tulirudia, tukarudia. Kila mara anasema haifai. Alafu akatuma wote wakunywe chai. Akafungua mukono wake. Akasema ni mara moja tu, ni kwa sanaa, hakuna mutu atajua."

"Na we ukakubali?"

"Mi nilisema apana! Wallahi nilisema apana. Mara ya kwanza nilisema apana." Akafungua kiganja chake. "Lakini ilikuwa pale, Miza. Kwenye mukono wake. We hauwezi kujua. Mutu anaweza kusema apana kwa mutu. Kwa ile kitu, inakungoja umalize kusema."

Miza akalia. Divin akanyoosha mkono amfute machozi, akaurudisha, kana kwamba hana haki nao tena.

"Kuna kitu ingine," akasema. "Sitaki kukulaumu. Lakini heri nikuambie. Ile scène ya kwanza, kile kipande ulinionyesha, ile ya raha. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Ilikuwa kazi aliyojivunia kuliko zote. Walimfunga Divin kamera kifuani ikimtazama, akitembea, uso wake umetulia lakini dunia nyuma yake inayumba kama imelewa. Miza akaikata: vidole, moto, pumzi, jicho, haraka haraka kama mapigo ya ngoma. Kisha ghafla akaacha kukata. Akapunguza sauti zote, kelele za barabara zikawa kama zinasikika kutoka chini ya maji. Akapaka picha rangi ya asali. Alipomuonyesha Divin, yeye aliinuka akasema, "Zima, Miza. Uko nanionjesha." Miza alicheka. Alidhani anasifiwa.

"Mulionyesha saa ya raha tu," Divin akasema. "Mukaifanya nzuri kuliko vile iko. Mi nilisahau ile ingine yote. Kutapika, kuiba, kulala kwenye mitaro na mbwa. Nilirudi nyumbani ile siku, ile rangi haikutoka kwenye kichwa. Léonce alikuja wakati mi nilikuwa nimeshaanza kuanguka."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia."

Miza akajifuta machozi.

Kisha akasema, "Sikiliza. Utaenda Uvira kwa mama yako. Utateseka kule, mi nitakuja kila wiki, itapita. Ilipita mara ya kwanza. Léonce mi nitamumaliza. Nitaambia watu wote."

Divin akamshika mkono kwa nguvu.

"Apana! Usifanye hivyo. Miza, nakuomba. Nitaenda Uvira, nitafanya yote unataka. Lakini usiambie mutu. Wacha watu waone kama mi nilicheza. Tangu nizaliwe, hii ni kitu moja nzuri nimefanya. Ukisema, mi sitakuwa mucheza filamu tena. Nitakuwa mutu wa boost alipigwa picha, basi."

"Na Léonce aendelee?"

"Niahidi."

Macho yale madogo yalimng'ang'ania. Akaahidi.

Walikubaliana Divin ataondoka Jumamosi na Dorothée, aliyekuwa anavuka kwenda kuchukua mzigo. Miza akarudi Kibenga kana kwamba hakuna kitu. Ijumaa asubuhi alikaa nyumbani kwao, amevaa vipokea sauti, anapitia sauti za Jumanne alizohamishia kwenye simu. Mwenyewe hakujua anatafuta nini. Labda alitaka tu kumsikia Divin akisema apana.

Alisikia. Maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye kola ya shati haikuzimwa wakati wengine walipoenda kunywa chai. Sauti ya Divin ilikuwa pale: "Apana, chef. Apana. Mi nimetoka mbali." Kisha kitambaa kikikwaruza, kisha sauti ya Léonce, tamu kama ya baba: "Mara moja, mutoto wangu. Na kama mwili ukisumbua kesho, mi niko. Sitakuacha. Tuko bado na scène ya mwisho ya kupiga, hapo nitakupa ya kutosha."

Miza akavua vipokea sauti. Simu ikaita. Alikuwa Chabani, mpiga picha wao, mtu wa maneno machache.

"Miza, mbona haukuja?"

"Kuja wapi? Leo hakuna kazi."

"Léonce ametuita asubuhi. Anapiga scène ya mwisho, ile ya kijana kufa. Divin iko hapa." Akashusha sauti. "Dada, haiko sawa. Niko namuangalia kwenye kamera, haiko sawa kabisa."

Hakumbuki alifikaje Kibenga. Anakumbuka tu mama yake akiita nyuma, "Miza, mtandio!"

Chumbani taa zilikuwa zimewashwa, za kijani, zile zinazofanya ngozi ya mtu ifanane na majivu. Divin alikuwa amelazwa kwenye mkeka. Irène, msichana wa kupamba nyuso, alikuwa amesimama na brashi yake mkononi bila kazi, maana hapakuwa na cha kupaka. Léonce alikuwa amechuchumaa kichwani pa Divin.

"Moteur," Léonce akasema, kumwashiria Chabani awashe kamera.

"Apana moteur!" Miza akaingia katikati. "Divin, inuka. Twende."

"Miza, toka kwenye picha," Léonce akasema.

"Divin. Ulisema Jumamosi Uvira. Inuka mupenzi wangu."

Divin akageuza kichwa taratibu. Alimtazama kama mtu anayemtafuta kwenye umati.

"Kesho nitaenda," akasema. "Leo wacha nimalize."

"Umalize nini? Anakuua!"

"Miza, rudi nyumbani."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Miza kuliko tusi. Kwa sababu mkono wa Divin, wakati anasema hivyo, ulikuwa umefungwa juu ya kikaratasi, umekikumbatia kama mtoto anavyokumbatia pipi asinyang'anywe.

Hapo Miza alijua mambo mawili kwa pamoja. Kwamba akinyamaza, Divin hatatoka kwenye mkeka ule. Na kwamba akisema, hatamsamehe.

Akachomeka simu yake kwenye spika za chumba.

"Mutu asitoke," akasema. "Sikilizeni."

Sauti ikajaa nyumba nzima. *Apana, chef. Apana. Mi nimetoka mbali.* Irène akaweka mkono mdomoni. *Mara moja, mutoto wangu.* Léonce akaruka kwenda kwenye spika, lakini Chabani, mtu mpana wa mtaa wa Buyenzi, akasimama njiani. *Sitakuacha. Tuko bado na scène ya mwisho ya kupiga, hapo nitakupa ya kutosha.*

Sauti ilipokatika, mawimbi ya ziwa yalisikika nyuma ya ukuta.

"Alichagua mwenyewe!" Léonce akapaza sauti. "Ni mutu muzima! Munafikiri filamu kubwa zinafanywa na maziwa ya unga? Mutakuja kunishukuru!"

Chabani alisogea kwenye kamera. Akaitoa kwenye miguu yake mitatu, akaifunika kioo, akaiweka kwenye sanduku, akafunga.

"Mi nilipiga ile picha," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Nilisogeza kamera karibu. Nikasema, maashallah, anacheza." Akabeba sanduku akatoka. Irène akamfuata analia. Kijana wa taa akazizima moja moja, na mwanga wa kawaida wa mchana ukaingia kupitia mlango, ukamuangukia Divin pale chini.

Alikuwa amekaa. Amezinduka kabisa, kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Uliniahidi," akasema.

"Divin..."

"Uliniahidi, Miza. Umesema mbele ya Irène. Mbele ya Chabani. Kesho itakuwa Jabe, kesho kutwa itakuwa kwa baba yako." Akainuka akiegemea ukuta. "Léonce alininyang'anya mwili. We umeninyang'anya ile ilikuwa imebaki."

"Ungekufa!"

"Njo hivyo. Ningekufa mucheza filamu."

Akampita. Bega lake likagusa bega la Miza, halikusimama. Miza alimkimbilia hadi barabarani, akamshika shati. Divin akaubandua mkono wake kidole kimoja kimoja, bila hasira, akaenda.

Mambo yalienda kama alivyosema. Sauti ile mtu fulani aliirekodi, ikatembea WhatsApp mji mzima. Léonce alifunga nyumba ya Kibenga akatoweka, na kwenye ukurasa wake akaandika kwamba amesalitiwa na watu wasiojua sanaa. Filamu ikafa. Mzee Muhanna hakusema neno juu ya wazee wa Uvira, na Miza hakumkumbusha. Dorothée alimpeleka Divin kwa mama yao, kwa nguvu, na kwa wiki chache habari zilikuwa nzuri. Kisha akapiga simu: "Wifi, ametoka kwa mama. Ameondoka na sufuria zote. Tunamutafuta."

Katika majuma hayo Miza alikaa na vile vipande. Vyote. Hata vile Léonce alivyovitupa akisema havifai.

Mchana mmoja, mvua ikiwa imetoka kukatika, simu ikaita. Namba ya Kongo.

"Miza."

Sauti ilikuwa yake, lakini imekonda.

"Divin! Uko wapi? Unakula?"

"Niko Uvira. Hii simu ni ya mama mumoja anauzisha unités za simu, ameniazima. Sitakawia." Akakohoa. "Mi sikupiga kuomba kitu. Nataka kukuuliza. Usinidanganye."

"Uliza."

"Ile Jumanne, mbele ya kupewa, tulipiga mara mingi na maziwa tu. Léonce alisema haifai. Unazo bado?"

"Ninazo."

"Uliziangalia?"

Aliziangalia, mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri. Kwenye mojawapo Divin anakifungua kikaratasi cha maziwa, anakitazama, anaangalia mlango, kisha anatabasamu kwa aibu, kama mtu anayejua anakwenda kumpiga mtoto wake mwenyewe. Hapakuwa na rangi ya asali, wala kukata haraka, wala kamera kifuani. Miza alipofika hapo aliizima kompyuta, akatoka nje kupumua.

"Niliziangalia."

"Zilikuwa mbaya?"

Miza akafumba macho. Akisema ndiyo, atampa Léonce haki. Akisema hapana, Divin atajua ameanguka kwa ajili ya nini.

"Zilikuwa nzuri," akasema. "Nzuri kushinda ile ingine. Kwa ile ingine umelala tu, Divin. Kwa hizi uko napigana. Mutu yeyote mwenye macho angeona."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za barabara, pikipiki, mtu anaita abiria. Kisha pumzi.

"Kumbe sikuhitaji."

"Haukuhitaji."

"Bure. Bure kabisa."

"Divin, nisikilize, kaa hapo hapo, nakuja leo hii, nakuja sasa..."

"Allô?" Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Dada, mukaka ameniachia simu mukononi."

"Yuko wapi? Muite!"

"Niko namuita. Haangalie nyuma."

"Ameenda upande gani, mama?"

Mwanamke akasita. "Ameenda kule kwa wenzake, dada yangu. Kule nyuma ya magari mabovu. Mi siwezi kuingia kule."

Miza alivuka mpaka mchana ule ule. Mama yule muuza unités alimuonyesha njia, na Miza akaingia kule nyuma ya magari mabovu, akainamia kila aliyelala, akauliza jina hadi sauti ikakauka. Wengine walimjua. Walisema alipita. Hakuna aliyejua alikoelekea.

Aliporudi nyumbani, viatu vimejaa tope, Bi Ghada alikuwa amekaa sebuleni, tasbihi mkononi, hajala.

"Umemuona?"

"Apana, mama."

Bi Ghada akaangalia viatu vya binti yake. Kisha akaiweka tasbihi chini.

"Basi kalale," akasema. "Kesho tutaenda wawili."

Wakaenda wawili. Hawakumpata.